Mkono huzoezwa kutoa

Katika mafundisho ya Wayahudi, uchoyo hauponywi kwa zawadi moja kubwa. Mwalimu wao Maimonides, aliyekuwa pia daktari huko Misri katika karne ya 12, aliandika kwamba mwenye sarafu 1000 ni heri azitoe moja moja, mara 1000, kuliko kumpa mtu mmoja zote kwa siku moja. Kila anapofungua mkono, moyo unazoea.

Sheria yao inadai pia kwamba hata maskini anayeishi kwa kusaidiwa atoe kidogo. Hapo hata aliyekimbia vita ana nafasi yake. Anayegawana kopo la unga kambini, au anayemchotea mzee maji, si mtu wa kupokea tu. Na mwenye nyumba mjini asingoje utajiri: aanze leo, kesho arudie.