Unauza ya 150,000 kwa mwezi na bado hushiki doh? Cheki hii hesabu ya ushuru

Kama uko na duka, kibanda ama kinyozi mtaani, wacha nikuulize kitu: kwa siku unauza ya ngapi? Sijasema faida. Nimesema mauzo. Usiharakishe kujibu, ju hiyo namba ndiyo inaamua kama sheria inakuona ama inakupita.

Mimi nilianza kufuatilia hii maneno juu ya mayai. Mamangu ana duka la rejareja, na kuna hoteli ilikuwa ikinunua kwake trei kadhaa kila wiki. Mwezi uliopita wakamwambia bila risiti ya eTIMS wanahamia kwingine. Akanipigia simu: "Wewe si ndiye unakaa kwa intaneti siku mzima? Kuja uniambie hii ni nini." Nikaenda, tukafungua daftari lake. Wasee, nilitoka hapo kichwa ikiniuma.

Laini ni milioni moja

Sheria inasema mauzo yako yakipita milioni 1 kwa mwaka na yasifike zaidi ya milioni 25, unalipa ushuru wa mauzo, ile wengi wanaita TOT. Milioni moja inasikika kama pesa ya wadosi, sindio? Sasa gawanya kwa siku 365. Ni kama 2,740 kwa siku. Duka inauza ngiri tatu kwa siku, mkate na maziwa tu, tayari imevuka.

Hiyo TOT ilikuwa asilimia 1 tangu 2020, wakati wa korona. Sheria ya Fedha ya 2023 ikairudisha asilimia 3 kuanzia Julai 1, 2023. Na hapa ndio watu huchanganya. Kile tuliandamania Juni 2024 kilikuwa mswada mwingine, na Rais Ruto alikataa kuutia sahihi. Ile ya 2023 ilibaki. Mahakama ya Rufaa iliifuta Julai 31, 2024, lakini Oktoba 29 mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikaifufua. Kwa hivyo kama ulidhani hii maneno iliisha barabarani, pole.

Asilimia 3 ya nini?

Hapa ndipo kuna noma. TOT haiangalii umebaki na nini. Inaangalia kile kimepita mikononi mwako.

Chukua duka inauza 150,000 kwa mwezi. Unga, sukari na mafuta hazina faida kubwa, so tuseme imebaki 18,000. Toa kodi ya nyumba 6,000. Umebaki na 12,000. TOT ni asilimia 3 ya 150,000, yaani 4,500. Unabaki na 7,500. Serikali imechukua zaidi ya theluthi ya jasho lako, na hapo hujaguza stima wala leseni ya kanjo. Hata mwezi ukikula hasara, bado unalipa, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Kuna mlango mwingine

Hii sikuwa najua. Sheria inakuruhusu uandikie KRA useme hutaki TOT, ulipe ushuru wa kawaida unaohesabiwa kwa faida. Faida yako ikiwa 24,000 kwa mwezi ama chini, ushuru ni asilimia 10, halafu kuna nafuu ya 2,400 kila mwezi. Piga hesabu: kama huna mapato mengine, ile duka yetu ya faida ya 12,000 inalipa sufuri.

Sasa shida ni makaratasi. Tangu Januari 2024, gharama ambayo haina risiti ya eTIMS haihesabiwi. Ukinunua stoki kwa holseli isiyokupatia risiti, kwa macho ya KRA hukutumia kitu, na yote uliyouza inaonekana ni faida. Mamangu ako na daftari safi ya miaka sita, lakini risiti za eTIMS alizokuwa nazo zilikuwa nne.

Na yale mayai?

Usiogope eTIMS yenyewe. Haihitaji kompyuta, unaweza kupiga *222# kwa simu ya mulika mwizi. Na tangu Desemba 27, 2024, sheria inasema ukinunua kwa biashara ndogo ama mkulima ambaye mauzo yake hayapiti milioni 5 kwa mwaka, mnunuzi ndiye anaandika ankara. Yaani ile hoteli ingeweza kujiandikia yenyewe. Tulimwambia mhasibu wao, akasema "ataangalia." Bado anaangalia. Mayai wananunua kwa supamaketi.

Ndio maana nasema sheria inaweza kukuacha bila kukutoza hata bob na bado ikuchukulie wateja.

Ukitaka kuandika mtu je? Mlipe 20,000 na juu yake wewe mwajiri unaongeza 1,200 ya NSSF na 300 ya nyumba. Yeye naye anakatwa 1,200, 300, na 550 ya SHIF. Unatoa 21,500, yeye anapeleka nyumbani 17,950. Ndio unaona watu wengi mtaani wakiandikana kimya kimya.

Mimi sisemi usilipe. Barabara na dawa hazijileti. Nasema jua unalipa juu ya nini. Wikendi hii chukua daftari, andika mauzo kando na faida kando. Anza kudai risiti kwa holseli, hata kama watakukasirikia. Halafu uamue ni mlango gani unakufaa kabla mtu wa ofisi akuamulie.

Mamangu ashaanza. Jana alirudisha bale ya unga ju jamaa alikataa kumpatia risiti. Alinunua duka ya pili, shilingi 20 zaidi. Sijui kama alifanya poa, hesabu itatuambia mwisho wa mwaka.

Wewe je, kwa siku unauza ya ngapi?