Bolti Iliyokatikia Nyuma ya Injini

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo. Kila alfajiri, gari lilipowashwa katika ua wa nyumba moja ya Gasenyi, upande wa kaskazini wa mji wa Bujumbura, ulisikika mdundo mwepesi mfano wa kucha igongayo sahani. Baada ya dakika kumi hivi injini ilipata moto na mdundo ukanyamaza. Na wenye nyumba nao, kama ilivyo desturi ya wengi, wakanyamaza.

Gari lilikuwa Toyota Probox. Lilinunuliwa kwa akiba ya askari aliyerudi kutoka Somalia, ambako majeshi ya Burundi yalianza kutumikia kikosi cha Umoja wa Afrika mwaka 2007. Askari huyo alikwisha kustaafu, na mkewe ndiye aliyeisimamia biashara: kupeleka abiria Bugarama, kisha kurudi mjini na kabichi na karoti. Karo za watoto watatu zilitoka humo.

Safari ya Bugarama ni ya kupanda. Bujumbura iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Bugarama iko juu ya mita 2000, ilhali kati yao ni mwendo wa kilomita 35 hivi tu. Bondeni kuna joto, na abiria hufungua vioo vyote. Huko juu kuna ukungu na manyunyu, na kila mtu hufunga kioo chake na kujikunyata. Binti mdogo wa nyumba hiyo, aliyefuatana na mama yake siku za likizo, akawa analalamika kuumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kila walipokaribia Bugarama. Mama akadhani ni baridi na mizunguko ya barabara, akamnunulia dawa ya kichwa.

Fundi kijana wa jirani ndiye aliyegundua kwamba bolti moja iliyoishika manifoldi ya ekzosi imekatika. Alipaka dawa ya kuziba. Dawa hiyo ilidumu siku nne.

Yafaa kueleza kwa nini bolti ya mahali hapo hukatika. Silinda hedi ya injini hii ni ya alumini, na bolti ni ya chuma. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Moshi unaotoka katika injini ya petroli inayopanda mlima na mzigo waweza kupita nyuzi 700 za Selsiasi, na gari likizimwa vyote hupoa na kunywea. Kila siku manifoldi hujivuta na kujirudisha, na ncha zake ndizo zinazosogea zaidi. Kwa hiyo bolti za mwisho, za kulia na kushoto, ndizo zinazoteseka, na aghalabu ndizo zinazokatika kwanza. Asubuhi, chuma kingali baridi, moshi hupenya katika ufa. Kikitanuka, ufa hujifunga kidogo na mlio hupotea. Lakini kunyamaza kwa mlio si kuziba kwa ufa.

Katika moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zinazopita za oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kubeba hewa mwilini. Dalili zake za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na mtoto huzionyesha upesi kuliko mtu mzima. Hasara ya pili ilikuwa ya mfuko: ufa ulio mbele ya kifaa cha kupimia oksijeni huingiza hewa ya nje, na kompyuta ya gari ikidhani petroli ni haba huiongeza. Katika mji uliosumbuliwa na uhaba wa petroli miaka mingi tangu 2022, hayo si mambo madogo.

Aliitwa mzee mmoja kutoka Buyenzi, mtaa unaosifika kwa magereji yake na kwa Kiswahili chake. Hakufungua sanduku la spana. Kwanza aliuliza ni nani aliyepanda gari hilo juma lililopita, na alipoambiwa habari za mtoto alitikisa kichwa.

"Mama, gari hili lisipande tena mpaka nimalize."

"Fundi, Jumamosi nina mzigo wa watu."

"Mzigo utangoja. Huyu mtoto ndiye asiyengoja."

Mume, aliyekuwa kimya muda wote, akazitwaa funguo na kuzitia mfukoni.

Ugumu wa kazi ulikuwa mahali penyewe. Injini hiyo imekaa kimkingamo, na manifoldi yake inatazama nyuma, kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na chumba cha abiria. Kati ya ukuta na bolti mkono ulipita, lakini mkono wenye spana haukupita. Hapo ndipo mafundi wengi hukosea: huanza kupigana na bolti kabla ya kujifungulia njia. Mzee alitumia nusu siku nzima bila kuigusa. Alitoa waya wa betri, akavua waipa na bati lililo chini yake, akaliinua gari na kuliegemeza juu ya vigogo imara, si juu ya jeki peke yake, akafungua bomba la mbele kutokea chini. Kisha akalegeza shikizo moja la injini na kuisukuma injini mbele kidogo kwa kipande cha mbao. Zilipatikana sentimita chache tu, zikamtosha.

Bolti nyingine hakuzifungua kwa pupa. Alizitia mafuta ya kupenya jioni, akaziacha zilale nayo, akarudia asubuhi. Kila moja aliisogeza nusu mzunguko, akairudisha, akaisogeza tena. Fundi kijana, aliyekuwa akishika taa, alitaka kujua kwa nini asizungushe moja kwa moja. Mzee alimjibu kwamba bolti husema kabla ya kukatika: huwa laini mkononi kama ubuyu uliolowa. Ukihisi ulaini huo, rudi nyuma.

Manifoldi ilipotoka, kipande kilichokatika kilionekana katika kioo kidogo cha kujitazamia alichokopa kwa mama mwenye nyumba. Kilikuwa kimezama ndani ya tundu kwa milimita mbili. Kama kingekuwa kimechomoza, koleo la kubana lingetosha. Kijana alitoa kile chombo cha kung'olea bolti, chenye meno ya kinyume, lakini mzee alikikataa. Chombo hicho ni cha chuma kigumu mno. Kikikatikia ndani, biti ya kawaida haiwezi kukitoboa tena, na taabu ya bolti moja huwa taabu ya hedi nzima. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki, hasa mahali ambapo jicho halioni sawasawa.

Aliziba matundu ya moshi kwa vitambaa ili chenga zisiingie. Alitengeneza kipande cha bati nene chenye tundu, akakifunga kwa bolti ya jirani, kiwe kiongozi cha biti. Bila kiongozi, biti hukimbilia alumini kwa sababu ni laini kuliko chuma. Akatoboa kwa drili ya pembe, kwanza biti ya milimita 3, kisha ya 5, taratibu, akitia mafuta na kupumzika. Karibu na adhuhuri ya siku ya pili alitaka kutumia moto wa kuchomelea. Aliutazama mpira wa petroli uliopita kando ya ukuta, akaghairi. Alitia biti inayokata kwa mzunguko wa kinyume, ambayo hutoboa huku ikivuta kwa upande wa kufungulia. Mara ya tatu kipande kiling'ata biti, kikazunguka, kikatoka chenyewe. Meno ya tundu yalikuwa mazima. Yangeharibika, ingebidi kutia meno mapya ya koili, na kama tundu lingekwenda upande, ingebidi kuing'oa hedi. Jambo hilo mzee alikwisha kumwambia mume tangu siku ya kwanza, pamoja na gharama yake.

Bolti zote zilinunuliwa mpya, na gasketi mpya, kwa maana bolti zilizobaki zilikwisha kuonja mateso yale yale. Alizipaka dawa ya kuzuia kushikana, akazikaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu mbili. Mlango wa gari ulifungwa, injini ikawashwa ikiwa baridi, na mzee akapitisha maji ya sabuni kwenye kiungo. Hapakuwa na povu.

Alikataa kupokea malipo yote siku hiyo. Sehemu aliiacha mpaka gari lirudi baada ya juma moja, maana bolti mpya hulegea kidogo zikipata moto na kupoa. Liliporudi, alizijaribu zote likiwa limepoa kabisa. Mbili, za ncha ya nyuma, zilikubali kuzunguka karibu robo. Alizikaza, akapokea fedha zake, akapanda basi la kurudi Buyenzi.