Asilimia Haimfundishi Mtu Kuandika

Chuo kikuu kimoja cha umma hapa nchini kimewatangazia wanafunzi wake wa shahada ya uzamivu utaratibu mpya. Kuanzia mwaka ujao wa masomo, tasnifu haitapokelewa kwa ajili ya kutahiniwa iwapo programu ya kukagua mfanano itaonyesha zaidi ya asilimia 15, au kipimo cha akili mnemba zaidi ya asilimia 10. Atakayevuka viwango hivyo atarudishiwa kazi yake, atahudhuria warsha ya siku mbili ya uandishi wa kitaaluma, kisha atawasilisha upya. Waraka unasema lengo ni kuinua ubora wa uandishi wa watafiti wetu.

Lengo ni jema na tatizo lipo. Lakini utaratibu huu hautainua uandishi wa mtu hata mmoja. Utawafundisha wanafunzi kuikwepa mashine, utawapa wasimamizi kisingizio cha kutosoma, na utaiacha kasoro yenyewe palepale ilipokuwa. Kasoro hiyo ni kwamba mwanafunzi wa uzamivu katika vyuo vyetu huandika miaka mitatu, minne, hata sita, bila kuwa na msomaji.

Wanaoutetea waraka wana hoja zao. Wanasema wizi wa maandishi umezidi na unachafua jina la chuo. Ni kweli, na anayeiba aadhibiwe. Wanasema pia kwamba wengi wa wanafunzi wetu walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakakutana na Kiingereza sekondari, na hawajawahi kukimudu. Nalo lina ukweli, ila halitoshi kuwa maelezo: zipo tasnifu za uzamivu zinazoandikwa kwa Kiswahili chenyewe, na nyingi nilizozisoma zina udhaifu uleule wa nukuu zilizopangwa foleni na hoja isiyoonekana. Hoja ya tatu ni kwamba wasimamizi wamezidiwa na kazi, hivyo mashine inawapunguzia mzigo. Hiyo nitairudia, maana ndani yake ndimo tatizo lilimojificha.

Kwanza tuangalie kinachopimwa. Turnitin, kampuni ambayo programu yake inatumika sana vyuoni, yenyewe husema kwamba haigundui wizi. Inalinganisha maneno na maandishi mengine yaliyomo kwenye hifadhi yake, na uamuzi unabaki kuwa wa mwalimu. Sura ya mbinu za utafiti inayotaja majina kamili ya sheria, taasisi na vipimo itapandisha asilimia bila kosa lolote. Hoja iliyoibwa kwenye kitabu ambacho hakijawahi kuingia mtandaoni itapita ikiwa safi kabisa.

Kipimo cha akili mnemba ni dhaifu zaidi. OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa kipimo chake Januari 2023 na kukiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka uleule, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vipimo saba kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kuwa kazi ya mashine. Za wanafunzi wa shule wa Marekani zilipita karibu zote. Chanzo kinaeleweka: vipimo hivi hutilia shaka sentensi rahisi zenye msamiati wa kawaida, na hivyo ndivyo anavyoandika mtu mwangalifu katika lugha ya kujifunza. Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilizima kipimo cha aina hii Agosti 2023. Sisi, ambao karibu wanafunzi wetu wote wako katika kundi linaloonewa na vipimo hivyo, ndio tunaviingiza kwenye kanuni.

Na mwanafunzi anayeogopa asilimia hufanya nini? Anabadilisha maneno. Mwaka 2021, Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov walionyesha jinsi misemo ya ajabu ilivyoenea katika makala zilizokwisha kuchapishwa kwenye majarida ya sayansi. Mahali pa akili mnemba pameandikwa fahamu ya kughushi. Mahali pa saratani ya matiti, hatari ya kifuani. Walieleza kuwa chanzo chake kinaelekea kuwa programu za kubadilisha maneno, zinazotumiwa kuficha maandishi yaliyonakiliwa. Huko ndiko asilimia 15 inakotupeleka. Mtu aliyenukuu vizuri kwa sentensi iliyonyooka anaivunja sentensi yake makusudi, na tunampongeza kwa kuivunja.

Yuko pia anayelipa mtu amwandikie. Nairobi kuna wahitimu wengi wa vyuo wanaoishi kwa kuwaandikia insha na tasnifu wanafunzi wa Ulaya na Marekani, na biashara hiyo haina mpaka wa nchi. Tasnifu ya kuandikiwa hupita kipimo cha mfanano bila doa, kwa sababu maneno yake ni mapya. Wa kuishtukia ni mtu mmoja tu: aliyeziona rasimu tangu ya kwanza, anayejua mwanafunzi huyu alikuwa anafikiri nini mwezi wa tatu na alibadili mawazo wapi mwezi wa tisa.

Msomaji huyo ndiye kiini cha suala lote. Chukua mfano wa aya ambayo kila msimamizi ameiona. Mwanafunzi anaandika kuhusu ada ya maji katika skimu za umwagiliaji za Mbarali. Sura yake ya pili inakwenda hivi: mtafiti wa kwanza alichunguza skimu mbili na kukuta wakulima hawalipi ada, mtafiti wa pili naye alikuta wakulima hawalipi, wa tatu, kinyume chake, alikuta wanalipa. Kila mmoja ana mwaka wake kwenye mabano na aya yake. Kurasa 40 zinakwenda hivyo. Mfanano unaweza kuwa asilimia 6, sarufi imekaa sawa, marejeleo yamekamilika. Kwa mujibu wa waraka, huu ni uandishi bora.

Sasa apatikane mtu wa kuisoma aya hiyo na kuandika pembeni swali moja: "Kwa nini huyu wa tatu anatofautiana na wenzake?" Mwanafunzi anarudi kwenye makala zake. Anagundua kwamba wale wawili walikwenda kwenye mifereji ya asili, ambako mkulima wa mwisho wa mfereji hapati maji wakati wa kiangazi. Wa tatu alikwenda kwenye skimu iliyojengewa milango ya kugawa maji. Kwa hiyo ugomvi hauko kwenye utayari wa kulipa. Uko kwenye uhakika wa kupata maji. Anaandika upya, na sentensi ya kwanza ya aya inakuwa: "Wakulima hulipa ada pale wanapokuwa na hakika kwamba maji yatawafikia." Baada yake watafiti watatu wanaingia kwa kazi maalumu, wawili upande huu, mmoja upande ule, na mwandishi amesimama katikati akiwa na la kusema. Kurasa 40 zinaweza kushuka hadi 15. Tena sasa utafiti wake una sababu ya kufanyika, kwa kuwa anajua aende skimu ipi na aulize nini.

Tuseme wazi kilichotokea hapo. Hakuna aliyemfundisha sarufi, na hakuna warsha iliyofanyika. Aliulizwa swali na mtu aliyesoma kwa makini, akalazimika kufikiri, na kufikiri kwake kukageuka kuwa maandishi. Uandishi wa uzamivu hujifunzwa hivyo, aya kwa aya, rasimu baada ya rasimu. Anayedhani kwamba mtafiti humaliza kwanza kufikiri ndipo akaandika hajawahi kuandika sura ngumu. Tunagundua tusichokijua tukiwa tunaandika, na tunagundua upesi zaidi pale mwingine anaposema hakuelewa.

Linganisha na anachopata mwanafunzi wa kawaida. Anatetea pendekezo lake la utafiti, anakwenda kukusanya data, kisha ukimya unaingia. Miezi inapita. Anatuma sura ya kwanza, hajibiwi. Anakumbusha kwa unyenyekevu, maana Profesa hakumbushwi mara mbili. Sura inarudi baada ya nusu mwaka ikiwa na mistari myekundu chini ya maneno na maelezo matatu yanayojirudia: rekebisha lugha, panua hapa, ongeza marejeleo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomwambia wapi hoja imekatika. Anaongeza marejeleo kama alivyoagizwa, na foleni ya nukuu inazidi kurefuka. Siku ya utetezi mtahini wa nje anauliza, "Mchango wako ni upi?" na mwanafunzi hana jibu, kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza.

Samaki mkunje angali mbichi. Waraka huu unamsubiri mwanafunzi mwishoni kabisa, tasnifu ikiwa imekauka, ndipo unampeleka warsha ya siku mbili.

Kenya wametangulia kupita njia ya masharti, na tungeweza kujifunza kwao. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya huko iliwataka wahadhiri wawe na uzamivu ndani ya miaka mitano. Viwango vyake vilimtaka pia mtahiniwa wa uzamivu awe amechapisha makala mbili katika majarida yenye wahakiki. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilipotunuku shahada za uzamivu 118 katika mahafali moja, Tume iliagiza uchunguzi, na mjadala mkubwa ukawa wa usimamizi: je, walikuwapo wahadhiri wa kutosha kuzisoma kazi zote hizo? Viwango vya Tume vilimruhusu mhadhiri kusimamia wanafunzi watatu tu wa uzamivu kwa mwaka. Aliyeweka kikomo hicho alijua kwamba kusoma kunahitaji saa, na saa hazitengenezwi kwa amri. Sharti la makala mbili nalo, lisipokuwa na msomaji nyuma yake, linaishia kwa majarida ya kulipia yanayochapisha chochote kwa wiki moja.

Sasa nairudia ile hoja ya wasimamizi kuzidiwa. Naikubali, na kwa sababu hiyohiyo nauona waraka kuwa ni kukwepa wajibu. Kama wasimamizi wamezidiwa, chuo kipunguze idadi ya wanafunzi wanaodahiliwa, au kiajiri. Chuo kinacholipia leseni ya programu kila mwaka, halafu kwenye jedwali la kazi za mhadhiri hakiweki hata saa moja ya kusoma rasimu za uzamivu, kimeshatuambia kinathamini nini. Chuo kinachopokea ada ya mwanafunzi miaka minne na kumpa maelezo matatu ya wino mwekundu hakina haki ya kumwita mwandishi dhaifu. Na msimamizi anayeweka sahihi kwenye sura ambayo hakuisoma, kisha akaweka jina lake kwenye makala inayotokana na sura hiyo, anafanya udanganyifu wa kitaaluma sawasawa na mwanafunzi aliyenakili. Hakuna programu inayomkagua yeye, wala waraka wenye asilimia yake. Tumevumilia vya kutosha lugha inayomtaja mwanafunzi peke yake kila ubora unapozungumzwa.

Njia nyingine zipo na zimejaribiwa hapahapa Afrika. CARTA, ushirika wa vyuo na taasisi za utafiti za Afrika unaovihusisha vyuo vikuu vya Makerere na Nairobi, huwakutanisha wanafunzi wake wa uzamivu katika semina nne zilizotawanywa katika miaka ya masomo. Kundi moja hukaa pamoja, hurudi pamoja, na kazi ya kila mmoja inapita mbele ya macho ya wenzake na wakufunzi ikiwa bado changa. Hilo linahitaji fedha, sikatai. Lakini sehemu yake muhimu haihitaji: wanafunzi watano wa idara moja wanaweza kukutana kila wiki mbili, kila mmoja akaleta kurasa tano, wengine wakazisoma na kuuliza wapi walipotea.

Kwa hiyo kifungu cha asilimia kiondolewe. Ripoti ya mfanano imfikie msimamizi, aisome mstari kwa mstari, aandike maoni yake na kuyatia sahihi. Mahali pa kile kifungu pawekwe vingine vitatu. Mwanafunzi awasilishe maandishi kila muhula kuanzia wa kwanza, hata kurasa kumi. Msimamizi ayarudishe ndani ya wiki nne yakiwa na maoni kuhusu hoja, na akishindwa mara mbili mfululizo, idara impe mwanafunzi msimamizi mwingine bila mwanafunzi kuomba. Saa za kusoma rasimu zihesabiwe kwenye mzigo wa kazi wa mhadhiri kama zinavyohesabiwa saa za darasani.

Mwanafunzi wa uzamivu anayesoma makala hii asisubiri seneti ikae. Aandike kila wiki, atafute mwenzake wa kumsomea, na amuulize swali moja tu: "Umeelewa ninadai nini?" Akijibiwa hapana, aandike upya. Lakini asibebeshwe peke yake kazi ambayo chuo kilichukua ada ili kuifanya. Jukumu la kwanza la chuo kwa mwandishi anayejifunza ni kumsoma, na chuo kisichoweza kuwasoma wanafunzi wake wa uzamivu kisitishe udahili hadi kitakapoweza.