Taa za Tela Zipite Kwenye Ufunguo, Siyo Moja kwa Moja Kwenye Betri

Leo siongelei viwavi wala mbolea. Naongelea waya.

Msimu wa kupanda uliopita, mvua ya kwanza ya maana ilinyesha usiku. Asubuhi kijana mmoja hapa Nkololo akanipigia: "Bwana shamba, trekta haliwaki." Nikaenda. Udongo umeloa vizuri, watu watatu wameshaomba kulimiwa, trekta limekaa kimya. Betri imeisha. Kumbe taa mbili za kazi alizofungiwa nyuma ziliungwa moja kwa moja kwenye betri, na jioni alisahau kuzizima. Mpaka inapatikana betri ya kushtua ni saa nane mchana, na wateja wawili wameshahamia kwa mwenye maksai.

Piga hesabu mwenyewe. Taa mbili za wati 55 ni wati 110. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 9 hivi. Toka saa 12 jioni mpaka saa 11 alfajiri ni saa 11, yaani karibu ampea-saa 100. Betri yake ni ya ampea-saa 70. Itoke wapi nguvu ya kuwasha injini?

Msimamo wangu ni huu: taa ya kazi na indiketa zote zichukue moto baada ya swichi ya ufunguo. Ukichomoa ufunguo, zinazima zenyewe. Usitegemee kumbukumbu ya mtu aliyelima tangu asubuhi.

Kupata waya huo siyo kazi ngumu. Chukua testa ya volti 12, klipu yake ibane kwenye chuma cha trekta. Gusa waya ufunguo ukiwa umezimwa: isiwake. Washa ufunguo: iwake. Huo ndio waya unaoutaka. Kwa indiketa, njia ni betri, fyuzi, swichi ya ufunguo, flasha, swichi ya kulia na kushoto, halafu taa, na mwisho asi. Fyuzi ikae karibu na betri, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya wote unaofuata. Ukiiweka karibu na taa, waya mrefu wote wa katikati hauna mlinzi.

Taa kubwa za kazi usizipitishe zote kwenye swichi ya ufunguo, utaiunguza. Weka rilei. Namba 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 87 inaenda taa, 86 inapokea moto mdogo wa ufunguo kupitia swichi ya taa, 85 inaenda asi. Kwa taa zile mbili, fyuzi ya ampea 15 inatosha.

Sasa hapa ndipo nabishana na mafundi wengine wanaopitisha kila kitu kwenye ufunguo. Hazadi, hapana. Hazadi ipate moto wa betri moja kwa moja, kwa fyuzi yake. Trekta likikufia barabarani na tela la pamba usiku, unaweza ukazima na kuondoka na ufunguo kwenda kutafuta fundi. Hapo ndipo taa zinatakiwa ziendelee kumwambia dereva anayekuja kwamba mbele kuna kitu. Ukishaingia lami ya Lamadi–Bariadi magari yanakuja kwa kasi, na tela lisilo na taa linaonekana ukiwa umeshachelewa. Na juu ya pamba mara nyingi wamekaa wadogo zetu.

Jambo jingine ni moto wenyewe. Nimeona waya umesokotwa kwa mkono, umefungwa nailoni, unapita chini ya mzigo. Waya huo ukichubuka na kugusa chuma bila fyuzi, unawaka mwekundu. Pamba unaijua. Mavuno ya msimu mzima yanateketea hata hujashuka kwenye kiti.

Kuna wanaoniambia, "Bwana shamba, hizo ni gharama, tela linatembea miezi michache tu." Nawaelewa, hela ya kilimo inauma. Lakini bei ya fyuzi haifiki bei ya soda, na rilei moja haifiki hasara ya siku moja ya kulima. Tunachokosa siyo hela. Tumezoea kumwambia fundi, "Wewe washa tu, mengine baadaye."

Usiiondoe pia ile taa ndogo ya dashibodi inayopepesa pamoja na indiketa. Ndiyo jicho lako la nyuma. Kwa flasha nyingi, ikianza kupepesa haraka kuliko kawaida, ujue kuna balbu imeungua. Na ukibadilisha balbu za kawaida ukaweka za LED, badilisha na flasha, maana LED inakula umeme kidogo na flasha ya zamani inachanganyikiwa.

Pendekezo langu kwa AMCOS zetu: kabla ununuzi haujafunguliwa, tukubaliane kwamba tela lisilo na taa za nyuma na indiketa halipakiwi. Tusingoje trafiki atusimamie. Wenye trekta ni sisi, wanaopanda juu ya mzigo ni ndugu zetu.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, chomoa ufunguo, zunguka trekta lako mara moja. Kama kuna taa bado inawaka na siyo hazadi, kesho asubuhi muite fundi.