Raspberry Pi haijafa, ina njaa

Haupiti mwezi bila mtu kuniambia kwamba Raspberry Pi yake "imekufa". Inajizima na kujiwasha, kibodi inagoma, diski inaonekana kisha inapotea. Mwenyewe hubadilisha mfumo, hununua kadi nyingine ya SD, mwishowe huifungia kabatini na kutangaza kwamba hivi ni vitu vya watoto kuchezea. Mimi nasema tarakilishi haina kosa. Mara nyingi mwenye kosa ni ule waya wa shilingi mia, na baada yake ni wauzaji wanaotuuzia tarakilishi bila kutueleza habari za umeme wake.

Pi ya kwanza ilitoka Februari 2012 ikitumia tundu lile lile dogo la USB lililokuwa kwenye rununu nyingi za wakati huo. Wazo zuri sana: chaja tayari unayo nyumbani. Ilihitaji volti 5 na miliampea 700 hivi. Tundu la USB 2.0 la kompyuta huahidi miliampea 500, na la USB 3.0 miliampea 900, kwa hiyo kuichomeka kwenye laptopu ilikuwa bahati nasibu tangu mwanzo. Halafu hamu ya chakula ikapanda. Pi 3 ya mwaka 2016 ikapendekezewa ampea 2.5, Pi 4 ya 2019 ampea 3, na Pi 5 ya 2023 ampea 5. Sisi bado tunaokota chaja yoyote iliyo mezani.

"Lakini chaja hii inachaji simu yangu vizuri!" Najua. Simu ina betri. Volti zikishuka itachaji polepole tu, wala hutatambua. Pi haina akiba yoyote, inakula kile kinachofika wakati huo huo.

Na kinachofika si kile kilichoandikwa kwenye chaja. Kebo nyingi za bei rahisi zina nyuzi za umeme za unene wa 28 AWG, zenye ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa kila mita. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo kebo ya mita moja ni mita mbili za shaba, yaani omu 0.43 hivi. Pitisha ampea 1 tu, umepoteza volti 0.43. Toa hizo kwa 5, Pi inapokea 4.57. Nayo huanza kulalamika ikipata chini ya volti 4.63! Kebo ya urefu huo huo yenye nyuzi za 20 AWG hupoteza volti 0.2 hata ukipitisha ampea 3. Ndiyo maana chaja rasmi za Pi 3 na Pi 4 hutoa volti 5.1. Ile sehemu ya kumi imewekwa makusudi ili iliwe na waya.

Kuna shule moja ninayoisaidia ambayo haina intaneti. Wanafunzi husoma Wikipedia kwa programu ya Kiwix kutoka kwa Pi 3 yenye diski ya nje. Ilikuwa ikizima katikati ya somo, na mwalimu alikuwa ameanza kutafuta pesa za kununua nyingine. Niliandika amri "vcgencmd get_throttled" ikajibu 0x50005, maana yake volti ziko chini sasa hivi na kasi imepunguzwa, na yote mawili yalishatokea tangu iwashwe. Tulibadilisha chaja na kebo. Ukijibiwa 0x0, basi tafuta ugonjwa mahali pengine.

Vifaa vya ziada ndivyo vinavyoharibu hesabu. Kwenye Pi 3 na Pi 4 matundu yote manne ya USB yanagawana ampea 1.2. Diski inayozunguka inaweza kutaka karibu ampea nzima inapoanza, kabla hujachomeka kitu kingine. Dawa ni habu yenye chaja yake, ila zipo habu mbovu zinazorudisha umeme ndani ya Pi kwa mlango wa nyuma. Chomoa chaja ya Pi, acha habu ikiwaka. Taa nyekundu ikibaki, rudisha habu hiyo dukani.

Sasa malalamiko yangu kwa watengenezaji wenyewe. Pi 4 za kwanza zilikuwa na kasoro kwenye tundu la USB-C, hivi kwamba kebo za kisasa zenye chipu ziliidhania ni kifaa cha sauti na kukataa kuipa umeme, huku kebo za kawaida zikifanya kazi. (Ndiyo, huko bei rahisi ilishinda.) Hilo lilirekebishwa. Lakini Pi 5 inataka ampea 5 kwa volti 5, kitu ambacho ni chaja chache zinazotoa. Chaja ya laptopu ya wati 65 kwa kawaida hutoa ampea 3 tu kwenye volti 5. Nguvu zake ziko kwenye volti 9, 15 na 20, ambazo Pi haizitaki. Watasema kuteremsha volti 9 hadi 5 ndani ya bodi kunaongeza gharama, joto na nafasi. Ni kweli. Ila gharama hiyo haikuyeyuka, imehamia kwa mnunuzi, anayetafuta chaja maalumu katika mji ambao maduka yote yanauza chaja za simu.

Ukiipa Pi 5 chaja ya ampea 3 itawaka, lakini vifaa vya USB vitagawiwa miliampea 600 badala ya ampea 1.6. Mtandaoni utaambiwa uandike "usb_max_current_enable=1" kwenye config.txt. Mstari huo unaondoa kizuizi, hauongezi umeme. Kwa chaja hiyo chomeka kibodi na kipanya, na diski uipe habu yake.