Sifa Mnazonipa Zina Mwenyewe

Winnipeg, Kanada

Wazee wetu, mama zetu na wadogo zangu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Nanyi ndugu mliokuwa na biashara Lilongwe kabla ya amri ya mwaka 2023 kuwarudisha kambini: huku baridi ipo, kazi ipo, masomo yapo. Habari zangu ni hizo.

Nawaandikia kwa sababu ya zile sauti mnazonitumia WhatsApp. Eti nina akili, eti nimeheshimisha ukoo, eti watoto wenu waige mfano wangu. Jamani, pumzikeni kidogo. Sifa hizo zina mwenyewe, na mwenyewe mnapishana naye kila asubuhi njia ya shuleni, vumbi la chaki halijamtoka kwenye mikono ya shati tangu jana. Jina lake siliandiki, maana hapendi mambo hayo. Waliosoma hesabu kwake wameshamjua.

Mwalimu huyu alikuwa mwalimu Kivu Kusini, Kongo, kabla ya vita kumkimbiza, na kule alifundisha kwa Kifaransa. Kufika Malawi akakuta sekondari ni Kiingereza, na MSCE, mtihani wa kidato cha nne, ni Kiingereza vilevile. Wenzake wengi wenye diploma za Kongo waliziweka sandukuni wakaenda kuuza nyanya, wala siwalaumu. Watoto lazima wale. Yeye alianza upya. Usiku alikuwa akisoma vitabu vilevile vya kidato cha kwanza tulivyosoma sisi mchana. Neno likimshinda alituuliza mbele ya darasa zima linatamkwaje, na tukicheka alicheka pamoja nasi. Kisha anageukia ubao: anaeleza jambo lenyewe kwa Kiswahili, anarudia kwa Kirundi, anamalizia kwa Chichewa chake cha kuvunjikavunjika kwa ajili ya watoto wa vijiji jirani vya Dowa waliosoma nasi. Mwisho kabisa ndipo anaandika sentensi ya Kiingereza, kwa kuwa msahihishaji anaitaka hiyo.

Kwenye daftari zetu hakuchora alama ya kosa. Pale ulipopotea aliandika tu: “Umefikaje hapa?” Nawe ulitakiwa umjibu kwa maandishi, hatua kwa hatua, na mara nyingi ukiwa katikati ya kujibu uligundua kosa lako mwenyewe. Darasa letu lilipita watu mia. Hebu wazeni, daftari mia na zaidi, kwa mwanga wa simu, katika nyumba ya matofali ya udongo yenye watoto wake wanaolala palepale. Nilipoingia chuo kikuu huku nilisikia profesa akisifiwa kwa kuandika maoni kwenye kazi za wanafunzi ishirini. Nilinyamaza.

Msichana akikosa shule siku mbili, ya tatu mwalimu yuko mlangoni kwao. Hakuwa mkali. Alikuwa anaomba maji ya kunywa, anaketi, anaongea na baba habari za mahindi na za Uvira, na saa yote hiyo hataji shule. Baba mwenyewe ndiye aliyeishia kusema, “Kesho atakuja, mwalimu.” Baadhi yenu mnaosoma hapa mlimpa maji hayo.

Kuna jambo jingine nililochelewa kulielewa. Kambini salamu yetu ni “kesi yako imefika wapi?”, yaani ombi lako la kuhamishiwa nchi nyingine. Hata darasani, majina ya wanaosafiri yakibandikwa, nani alikuwa na hamu ya kipeo cha pili? Walimu wengine walituambia tusome ili tuondoke. Yeye hakututajia ndege hata mara moja. Alingoja kelele ziishe, akataja ukurasa. Leo naona alikuwa akiwafikiria wale ambao hawataondoka, nao ndio wengi. Kambi iliyofunguliwa mwaka 1994, ikipangiwa watu wasiozidi 12,000, sasa ina zaidi ya 50,000. Hesabu za ndege haziwezi kutosha hapo, na mwalimu wa hesabu alilijua hilo kuliko sisi.

Naye hayumo kwenye orodha ya mishahara ya walimu wa serikali. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka pingamizi kwenye vifungu kadhaa, kikiwamo cha ajira na cha elimu. Mwalimu mkimbizi hupewa posho. Katika posho hiyo, yeye alikuwa akiomba kibali cha kutoka kambini, anapanda minibasi hadi Lilongwe, anarudi na karatasi za mitihani ya nyuma ya MANEB, bodi ya mitihani ya Malawi. Tulizinakili kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa.

Huku nimeletwa na WUSC, shirika la Kanada. Tangu mwaka 1978 wanafunzi wa Kanada wamekuwa wakichangia fedha kidogokidogo ili vijana wakimbizi wasome nao. Watu nisiowajua walinilipia, na JRS, shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi, hapo Dzaleka waliniandaa kwa maombi, nawashukuru wote. Lakini bila pointi za MSCE fomu yangu ingefungiwa sukari.

Sasa niwaseme kidogo, wazee wangu, mnisamehe. Mtu akipata ndege mnachinja kuku, mnakodi gari, mnamsindikiza hadi uwanja wa ndege wa Kamuzu mkiimba. Aliyemfundisha, siku hiyohiyo yuko darasani na wengine mia. Tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani, nayo iliadhimishwa mara ya kwanza mwaka huohuo wa 1994 kambi yetu ilipofunguliwa. Mwaka huu kuku mmoja aende kwake. Na wanaoandaa Tamasha la Tumaini, ambalo tangu 2014 limewapandisha jukwaani wanamuziki na washairi wetu, watafute nafasi ya kuwapandisha walimu pia, hata kama hawajui kucheza. Huyu hajui, nawahakikishia.

Kuna ndugu anakuja Lilongwe mwezi ujao, nimempa vikokotoo vya darasa. Wapokezi wavifikishe mkononi mwa mwalimu, visipitie sokoni. Na yule kijana niliyemwachia kitabu cha fizikia, anajijua, akirudishe shuleni. Jalada lina jina la mwalimu, si langu.