Tambara si kifuniko cha tangi

Ukikwama kwenye msongamano wa magari Jogoo Road asubuhi, si ajabu kuona mbele yako gari safi lililopigwa brashi likang'ara, lakini mdomo wa tangi la petroli umezibwa kwa tambara. Mwenyewe ukimuuliza atakuambia ni kwa muda tu. Kifuniko kilisahauliwa juu ya paa la gari kwenye kituo cha petroli, kikaanguka njiani, na atanunua kingine mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi hufika na karo na kodi ya nyumba, tambara likabaki pale pale.

Msomaji, kama tambara hilo ni lako, liondoe wiki hii. Petroli hugeuka mvuke hata gari likiwa limelala, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea kama moshi wa kuni, bali hushuka na kutambaa ardhini. Ukifikia jiko la makaa ama cheche yoyote huwaka, na moto hurudi mbio ulikotoka mvuke. Tambara lenyewe limekwisha kulowa petroli, likawa kama utambi wa koroboi. Sasa fikiria nyumba zetu za mitaani, ambako gari huegeshwa hatua chache kutoka mahali pa kupikia na watoto hucheza kando yake.

Kisha kuna maji. Mvua ya masika hupenya tambara bila taabu, na maji yakiingia tangini hukaa chini kabisa kwa kuwa ni mazito kuliko petroli. Huko chini ndiko pampu inakovuta. Gari likianza kukohoa na kuzimika, gharama ya kumlipa fundi aoshe tangi itazidi bei ya kifuniko kwa mbali.

Kukibadilisha ni kazi ya dakika kumi nyumbani. Ugumu uko katika kununua, maanake vifuniko havifanani. Vingine vina meno na huzungushwa mara kadhaa, vingine hugeuzwa robo tu vikashika. Unapokwenda dukani, iwe ni Barabara ya Kirinyaga ambayo wengi bado huiita Grogan ama kwingineko, beba kile cha zamani kama unacho. Kama kilipotea, andika aina ya gari na mwaka lilipoundwa, na upige picha ya mdomo wa tangi.

Jambo ambalo wauzaji wengine hawatakuambia ni hili. Injini inapokunywa petroli, lazima hewa iingie tangini kujaza nafasi yake. Magari mengi ya zamani huvuta hewa hiyo kupitia tundu dogo kwenye kifuniko. Ya kisasa yana mfumo mwingine wa kushughulikia mvuke, na kifuniko chao hufunga kabisa isipokuwa vali ndogo ya tahadhari. Ukilivika gari kuukuu kifuniko kisichopumua, litakwenda kilomita kadhaa kisha lizimike kana kwamba limeishiwa. Ukikifungua utasikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, na baada ya hapo gari huwaka tena. Nimeona watu wakiuziwa pampu mpya kwa sababu ya ugonjwa huo!

Cha mtumba si kibaya kikiwa kizima, lakini kijana akikuchomolea kimoja kutoka mfuko wa koti, jiulize ni gari la nani linalorudi nyumbani na tambara jioni hiyo. Dai risiti.

Ukifika nyumbani, liegeshe gari mahali pa wazi mbali na jiko, uzime injini, na watoto wakae kando. Asiwepo mvutaji sigara. Kama kifuniko cha zamani kimeshikiliwa kwa kamba ya plastiki, ichomoe polepole kwa vidole ama koleo, usiikate ovyo kipande kikatumbukia tangini. Pangusa mdomo wa tangi kwa kitambaa kikavu. Tazama mpira ulio ndani ya kifuniko kipya: uwe laini, usio na ufa, na usiupake grisi. Bandika kamba kwanza, kisha zungusha kifuniko kidogo kuelekea kushoto mpaka uhisi meno yamekaa, ndipo ukaze kulia. Vingi hulia ka-ka-ka vikishakaza. Kikigoma usikilazimishe, huenda si chake.

Lile tambara lililolowa lianike nje mbali na moto mpaka likauke kabisa kabla ya kulitupa. Usilitie kwenye pipa la taka la jikoni.

Siku ya pili zunguka nyuma ya gari unuse. Harufu ikiwapo bado, kifuniko hakijaziba. Katika magari mengine ya kisasa, kifuniko kibovu huwasha taa ya injini kwenye dashibodi, na taa hiyo yaweza kuchukua siku kadhaa za kuendesha kabla ya kuzimika hata baada ya kukibadilisha.

Na kama gari hulala nje usiku, ongeza pesa kidogo ununue cha kufuli. Ufunguo wa pili uache nyumbani, wala si ndani ya gari, na umwonyeshe ulipo kila anayeliendesha, kwa sababu ule wa kwanza una tabia ya kupotea siku tangi likiwa tupu.